Waya ya Kurudi

Mwimbaji alipotea tukiwa bado barabara ya Garissa, mlima wa Kilimambogo mbele yetu upande wa kulia na jua likishuka nyuma kuelekea Thika. Nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, gunia la mtu limelala juu ya miguu yangu, na masikioni nina iafoni za bob 150 nilizonunua pale steji. Wimbo haukukatika. Magitaa yaliendelea, makofi yaliendelea, waitikiaji walisikika kwa mbali kama watu wanaoimba ndani ya tangi la maji. Mwenye wimbo tu ndiye aliyetoweka. Nikasukuma jeki ndani ya simu, akarudi. Matatu ikaruka tuta, akaenda tena.

Kama umewahi kutumia iafoni za bei hiyo, unajua ninachosema. Shuleni tulifanya makusudi: unavuta jeki kidogo tu, sauti ya msanii inapotea, halafu wewe unachukua nafasi yake mbele ya bweni zima. Hakuna aliyejua kwa nini inakuwa hivyo. Ilikuwa moja ya zile siri za vifaa ambazo watu hurithishana bila maelezo, kama cucu zetu walivyoanika betri za redio juani.

Usiku huo, nyumbani Ngoliba, nilifungua faili la guka.

Guka wangu alifariki 2021. Miaka miwili kabla ya hapo nilikaa naye nje ya nyumba nikamrekodi kwa simu, dakika 41, akisimulia kazi yake. Alikuwa fundi wa laini za simu, kwanza katika Posta ya Afrika Mashariki, halafu, Jumuiya ilipovunjika 1977, katika shirika la Kenya. Mimi nilikuwa nimetoka kuacha chuo, mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, karo imekataa kabisa, na nadhani alikubali kurekodiwa kwa sababu aliniona sina la kufanya. Faili lilikaa kwenye memori kadi na hakukuwa na nakala nyingine. Spika ya simu yangu ilikuwa imekufa tangu simu ilipoanguka kwenye karai la nguo. Kwa hiyo iafoni ndizo zilikuwa mlango pekee wa kumfikia.

Nikabonyeza. Sekunde zikahesabika. Kumi, arobaini, dakika tatu. Kimya. Na si kimya cha mtu asiyeongea, maana kwetu nje huwa kuna kuku, kuna upepo, kuna kiti kinacholia. Hiki kilikuwa kimya cha kisima kilichofunikwa. Nikajaribu muziki: magitaa yapo. Nikarudi kwa guka: hakuna kitu. Nikaamini kile ambacho mtu yeyote angeamini, kwamba kadi imeharibika na dakika 41 zimekwenda. Sikulala.

Asubuhi niliminya waya kwa kidole hapo inapoingia kwenye jeki. Guka akasema neno moja, "milingoti," akanyamaza tena.

Ni katika sekunde hiyo ndipo ile miaka miwili ya chuo ilinilipa. Umeme hauendi tu. Lazima urudi ulikotoka. Ndani ya waya ya iafoni kuna njia tatu. Sikio la kushoto lina yake ya kwenda, la kulia lina yake ya kwenda, lakini wakati wa kurudi yote mawili hutumia waya moja, kama nyumba mbili za ploti zenye mlango mmoja wa nyuma. Waya hiyo ya kurudi ndiyo iliyokuwa imekatika. Ikikatika, umeme wa kushoto hauna pa kupitia isipokuwa kwenye sikio la kulia, na wa kulia kwenye la kushoto. Pande mbili zinaanza kusukumana. Kilicho sawa kushoto na kulia kinafutika, na unabaki kusikia tofauti peke yake.

Studio humweka mwimbaji katikati kabisa, maana yake sauti yake ni ile ile pande zote. Magitaa na waitikiaji huwekwa pembeni. Ndiyo sababu yeye huenda na wao hubaki. Sasa fikiria simu iliyorekodi kwa maikrofoni moja: kila kitu kiko katikati. Guka, kuku, upepo, kiti. Alifutika mzima mzima, kwa hesabu safi kabisa, na faili halikuwa na kasoro yoyote.

Fundi mmoja wa Thika aliniunganishia kwa shilingi hamsini. Nikasikiliza dakika zote 41 bila kusimama, na kilichonishangaza ni kwamba karibu theluthi ya mazungumzo guka alikuwa anaongea juu ya jambo hilo hilo. Waya ya kurudi. Nilikuwa nimemrekodi bila kumsikiliza.

Alianza mbali, kama wazee wanavyoanza. Alisema zamani waya ilikuwa moja. Ni kweli. Mwaka 1838 Mjerumani aitwaye Carl August von Steinheil aligundua kwamba telegrafu haihitaji waya ya kurudi: zika kipande cha chuma huku na kingine kule, ardhi yenyewe itarudisha umeme. Ilikuwa nusu bei, na dunia nzima ikaifuata. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, telegrafu ilikwenda nayo bara, na kwa desturi ya telegrafu za wakati huo kila njia ya ujumbe ilikuwa waya moja juu na ardhi chini. Walipofika nchi ya Wanandi, waya zikaanza kupotea. Wanandi walizifanya mapambo. Waingereza wakaita wizi, wakatuma majeshi tena na tena, hadi Oktoba 1905 walipomuua Koitalel arap Samoei katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Hapo kwenye rekodi guka anacheka kidogo, si kwa furaha, anasema: "Na waya bado ni tamu. Hata sisi tulikuwa tukiweka leo, kesho haiko." Kama unakumbuka jinsi laini za mezani zilivyokufa nchini, shaba ikivuliwa usiku na kuuzwa kwa kilo, unajua hakuwa anatania.

Telegrafu huvumilia waya moja kwa sababu lugha yake ni nukta na mistari tu. Kelele kidogo haibadilishi nukta. Simu ni kitu kingine. Simu inabeba pumzi ya mtu. Na ardhi si njia yako peke yako: inapitisha umeme wa kila mtu, wa telegrafu ya jirani, wa radi iliyopiga mbali. Simu za kwanza za waya moja zilivuma na kutatarika, na tramu za umeme zilipoingia katika miji ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880, hali ikawa mbaya zaidi.

Dawa ilikuwa kuitoa ardhi kwenye maongezi kabisa. Kila mazungumzo yapewe waya mbili zake. Alexander Graham Bell alipata hataza mwaka 1881 ya kuzisokota waya hizo mbili pamoja, na sababu yake ni nzuri sana kiasi kwamba nitaieleza polepole. Sauti inatumwa kinyume kwenye waya mbili: moja ikipanda, nyingine inashuka kiasi kile kile. Kelele ya nje, kwa sababu waya zimekaa pamoja, inaingia kwenye zote mbili kwa usawa. Mpokeaji upande wa pili hasikilizi waya yoyote peke yake. Anasikiliza tofauti kati yao. Kelele, ikiwa sawa kwa zote, inajifuta. Sauti, ikiwa kinyume, inabaki.

Ndiyo kusema kanuni iliyomfuta guka kwenye iafoni zangu ndiyo aliyoishi akiilinda kazini. Kilicho sawa kinakufa, tofauti inaishi. Inategemea tu umeweka nini katikati.

Kwenye milingoti huwezi kusokota waya za kilomita kumi zilizo wazi. Kwa hiyo zinabadilishana nafasi: kila baada ya milingoti kadhaa, ya kushoto inavuka kulia na ya kulia kushoto. "Zikikaa vile vile njia nzima," guka anasema, "ile iko karibu na stima inasikia stima kuliko mwenzake. Kwa hivyo tunazibadilishia viti, kila mmoja akae karibu na jiko kiasi." Na stima huku kwetu si jambo la juzi. Kituo cha Ndula kwenye Mto Thika kilikuwa kikizalisha umeme wa maji tangu miaka ya 1920, miongo mingi kabla taa haijafika kwa nyumba za watu kama sisi. Mlio wa umeme huo, mizunguko 50 kwa sekunde, ndio guka alikuwa akiusaka. Anasema alikuwa anapanda, anabana simu yake ya kupimia kwenye waya mbili, anasikiliza. Laini ikiwa safi, kimya. Ikivuma, basi waya moja imekosana na nyenzake: kiungo kimeshika kutu, au tawi la mti limeigusa wakati wa mvua. Hakuna kilichokatika. Usawa tu ndio umepotea, na laini nzima inaguruma.

Neno alilotumia ni "balansi". Laini imetoka balansi. Mimi neno hilo nilikuwa nimelikuta kwingine kabisa, kwenye matangazo ya amplifaya za hedifoni, likiambatana na bei za kutisha. Nilidhani ni mambo mawili tofauti.

Kufika huko kuna hadithi ya jeki. Ile jeki kubwa ya milimita 6.35, ambayo bado utaiona kwenye gitaa za kanisani, ilizaliwa karne ya 19 kwenye bodi za maopereta wa simu, wale waliokuwa wakichomeka na kuchomoa kukuunganisha na unayemtaka. Ncha yake na pete yake zilikuwa zile waya mbili za mazungumzo, na shina lake likabaki kwa kazi nyingine. Kwa maneno mengine, jeki hiyo ilibeba jozi iliyo balansi. Hedifoni zenyewe zilikuwa mali ya maopereta na mabaharia. Mnamo 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah aliziunda za maana na kuyauzia majeshi ya maji ya Marekani. Halafu mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akatoa hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani. Masikio mawili yenye sauti tofauti yanahitaji waya nne: mbili za kwenda, mbili za kurudi. Jeki iliyokuwepo ilikuwa na sehemu tatu za kugusa. Wakafanya kile ambacho kila mwenye nyumba ya kupangisha hufanya: ncha kwa kushoto, pete kwa kulia, na shina wagawane. Sony walipoleta Walkman 1979, na jeki ndogo ya milimita 3.5 ikasambaa duniani, mgao huo ukawa sheria.

Hakuna aliyelalamika, na kusema kweli hakukuwa na la kulalamikia sana. Lakini tuchukue kalamu. Tuseme waya ya kurudi ina ukinzani wa nusu omu, na hedifoni zako ni za omu 32. Umeme wa kushoto ukipita kwenye nusu omu hiyo unaacha volti kidogo, na sikio la kulia, ambalo limefungwa hapo hapo, linaisikia. Inavuja sehemu moja hivi kati ya 65. Kiungo kikishika kutu kikafika omu mbili, inakuwa moja kati ya 17. Hedifoni za omu 300 kwenye ile nusu omu, moja kati ya 600. Sindano ya santuri huvujisha zaidi ya wengi wa hawa, na bado kuna watu wanaokwenda Kenyatta Market kila Jumamosi kutafuta sahani za zamani na kurudi wakiapa hawajawahi kusikia sauti nzuri hivyo. Wana haki yao.

Kwa hivyo amplifaya ya balansi inafanya nini? Inarudisha ile waya iliyonyimwa. Kila sikio linapata waya zake mbili, na kila waya inasukumwa na amplifaya yake. Ni amplifaya nne kwa masikio mawili. Ile ya kwenda ikipanda volti moja, ile ya kurudi inashuka volti moja, na spika ndogo iliyo katikati inaona volti mbili. Mtu mmoja anasukuma mlango, mwingine anauvuta kutoka upande wa pili.

Na hapa lazima nirudi kwenye matatu, kwa sababu sisi tumekuwa tukisikiliza mambo haya miaka mingi bila kulipia jina lake. Betri ya gari ni volti 12. Amplifaya ya kawaida kwenye betri hiyo, ikiendesha spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 4 na nusu hivi, hesabu inakataa. Hakuna makanga atakayekubali wati 4 na nusu. Mafundi wakabriji: amplifaya mbili, moja kila upande wa spika, zikienda kinyume. Volti zinakuwa maradufu, na kwa kuwa wati hufuata mraba wa volti, zinakuwa mara nne: 18. Betri ni ile ile. Chipu ya TDA2005 ilitengenezwa hasa kwa redio za gari ikiwa na amplifaya mbili ndani ambazo unaweza kuzibriji, na ukipita Luthuli Avenue jijini utakuta jamaa wanaozijua namba hizo kama namba za watu wao. Mzunguko huo ndio ule ule wa amplifaya ya hedifoni ya balansi. Tofauti iko kwenye ukubwa, na kwenye bei ya maneno.

Wauzaji wa hedifoni waliligundua hilo baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya HeadRoom, huko Montana, ilitoa BlockHead, amplifaya ambayo ndiyo iliyowafanya wapenda hedifoni waanze kukata jeki zao na kuunga mpya. Mwaka 2014 Astell&Kern wakaleta jeki ya milimita 2.5 yenye balansi kwenye kicheza muziki cha mfukoni, na 2016 Sony wakaja na ile ya 4.4 yenye sehemu tano za kugusa, ambayo sasa utaiona hata kwenye vijivifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye simu.

Faida ya kwanza, na kubwa, ni ile ya matatu: nguvu kutoka kwa betri ndogo. Kifaa kinachotoa volti moja kinazipa hedifoni za omu 300 miliwati 3 hivi. Kikiwa balansi, volti mbili, miliwati 13. Hiyo ni desibeli 6 zaidi, na kwa hedifoni ngumu kama hizo ni tofauti kati ya kusikia ngoma ikipiga na kusikia ngoma ikijaribu. Kwa iafoni za omu 32 au 16 haikusaidii kitu. Volti moja tayari inatosha kukuharibu masikio. Isitoshe, kila amplifaya katika jozi hiyo inajiona kama inabeba nusu ya mzigo, yaani omu 16 badala ya 32, na amplifaya dhaifu huchoka hapo.

Ya pili ni kila sikio kuwa na njia yake ya kurudi. Nimeshasema ni ndogo, lakini kwangu si bure. Kazi inayonilisha ni kunakili mahojiano ya watu, na wateja wengine hurekodi anayeuliza kushoto na anayejibu kulia. Saa sita za hiyo kazi, mmoja akivujia kwa mwenzake, kichwa kinauma kwa namna ya pekee.

Ya tatu ndiyo ya uongo, au tuseme imehamishwa kutoka kwa wenyewe. Utaambiwa balansi inaua kelele. Inaua, kwa guka. Inaua pia kanisani, kwenye maikrofoni ambayo sauti yake ni milivolti chache tu na inatembea mita thelathini sakafuni pamoja na waya za stima kabla ya kufika kwenye mixa, ambako itakuzwa mara nyingi sana, yenyewe na chochote ilichookota njiani. Ndiyo maana maikrofoni hiyo ina kile kiunganishi cha pini tatu, mbili zikiwa jozi. Waya ya hedifoni ni mita moja na nusu, umeme ndani yake tayari umekuzwa, na baada yake hakuna kingine cha kuukuza. Kelele inayoingia hapo huisikii hata ukiitafuta.

Ujanja wa dukani uko kwenye zile desibeli 6. Unasikiliza jeki ya kawaida, halafu unachomoa, unachomeka ya balansi, na sauti inakuja kubwa zaidi. Sikio la binadamu huita kikubwa kizuri. Jamaa mmoja Juja alikuwa anauza kifaa cha namna hiyo, mitumba lakini safi, pamoja na hedifoni za omu 300. Nilikwenda na pesa mfukoni. Raundi ya kwanza nilikuwa tayari kulipa. Nikamwomba nirudie, safari hii nikishusha sauti ya balansi mpaka zilingane kwa kadiri ya masikio yangu. Tofauti ikapungua, ikapungua, ikabaki mahali pamoja tu, pale muziki unapopanda wote kwa pamoja na jeki ya kawaida ikaanza kukwaruza. Hiyo ilikuwa ya kweli. Nilimrudishia, tukanywa soda, nikapanda gari la Thika na pesa zangu.

Onyo moja, maana kuna vifaa vimekufa. Kwenye balansi, au kwenye kubriji, hakuna waya iliyolala. Zote mbili ni hai. Nimeshuhudia mtu akifunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari, kama ambavyo ungefanya na redio ya zamani, na chipu ikatoa moshi kabla ya wimbo kufika kiitikio. Kwa hedifoni ni hivyo hivyo: usitumie adapta inayochukua jeki ya balansi na kuziunganisha zile hasi mbili ziwe moja. Unakuwa umezigonganisha amplifaya mbili uso kwa uso. Kinyume chake hakina shida, hedifoni za waya nne zinaweza kurudishwa kwenye jeki ya kawaida bila madhara.

Na ni kutoka hapo nilipopata nilichokuwa natafuta, kwa bei ya nauli. Kama tatizo la kuvuja liko kwenye waya moja ya kurudi inayogawanwa njia nzima, basi sihitaji amplifaya nne. Nahitaji waya ya nne. Nilinunua mita mbili za waya yenye nyuzi nne na jeki ya chuma ya milimita 3.5, nikaenda kwa yule fundi wa Thika. Tukampa kila sikio waya yake ya kurudi mpaka mwisho, na tukaziunganisha ndani ya jeki yenyewe, pale shinani, ambapo njia wanayogawana imebaki urefu wa ukucha. Fundi aliniangalia kama mtu anayeweka geti mbili kwenye ploti moja. Kisha akauliza kama guka wangu hakuwa yule mzee wa Posta, maana alimkumbuka akija hapo kununua risasi ya kuchomelea. Alikataa kuchukua pesa yote.

Nimeshatengeneza nakala tatu za lile faili. Nalisikiliza kwa waya hiyo mpya ingawa najua, kwa hesabu zile zile, kwamba haiwezi kulisaidia chochote: ni maikrofoni moja, kushoto na kulia ni kitu kimoja, hakuna cha kuvuja. Mwishoni guka anaulizwa na mimi kama hakuwahi kuogopa kuwa juu huko wakati wa mvua. Anakaa kimya muda mrefu. Kuku anapita. Nyuma kabisa cucu anaweka vikombe juu ya meza ya mbao, unavisikia kimoja kimoja, vinne. Halafu guka anasema, "Zima hiyo kitu, chai inapoa."